Ethanoli na maji vilivyonitoa jasho, nikadhani mrija umeziba

Projekti ya mwaka wa mwisho ilinikondesha jamani. Kuisikia ni kazi ndogo, unachanganya maji na ethanoli (ile alkoholi) kwa viwango tofauti, unapima densiti, yaani uzito wa kila mililita, na mnato, yaani kimiminika kinavyogoma kutiririka, kwenye nyuzi 25, basi. Kaka mmoja aliyenitangulia akaniambia we usijichoshe, nusu kwa nusu lazima ikae katikati, piga wastani tu. Nikamwamini.

Mnato nilipima kwa viskometa ya Ostwald, ule mrija wa kioo wenye umbo la U, unavuta kimiminika kipite alama ya juu halafu unashika saa kikishuka mpaka alama ya chini. Maji sekunde 62, ethanoli tupu 95. Nikaweka nusu kwa nusu kwa uzito, nasubiri 78 za kaka. 78 ikapita. 100 ikapita, mi bado nimekodoa macho kwenye alama, imekuja kusimama 183! Nikajua mrija umeziba. Nikauosha na asetoni, nikakausha, nikarudia, 182. Nikaosha tena na tena mpaka chupa ya asetoni ikaisha, fundi wa maabara ananitazama tu hasemi kitu. Ndo nikapata akili ya kupima maji upya: 62 vilevile. Mrija mzima, mbovu ni wastani! Kumbe molekuli za maji na ethanoli zikikutana zinang'ang'aniana, mchanganyiko unashuka kivivu kuliko maji peke yake na kuliko ethanoli peke yake.

Densiti nayo ina vituko vyake. Ukichanganya mililita 50 na 50 hupati 100, unapata kama 97 hivi, kwa hiyo pimeni kwa mizani jamani, silinda ya kupimia ujazo achaneni nayo. Halafu ukishachanganya chupa inapata joto na vipovu vinatoka, mi nilikuwa napima hapohapo namba zinaruka kama panzi. Funika, iache ilale mpaka kesho. Na ile chupa ndogo ya densiti usiikumbatie kiganjani, joto la mkono tu linasukuma tone litoke kwenye kitundu cha kizibo, ishike shingoni na tishu.

Beseni la maji ya nyuzi 25 la maabara lilikuwa bovu, nikatumia ndoo, kipimajoto na barafu za mia mia za mama wa jirani, Dar joto hili zilikwenda nyingi sijahesabu. Asetoni ya watu ndo bado nadaiwa.