Uyoga wa Kichuguu na Mondo

Mvua za Desemba zikishanyesha siku tatu mfululizo, bibi yangu alikuwa halali tena. Tulikuwa Sikonge, mkoani Tabora, nami nipo darasa la tano. Alfajiri ile alinigonga mguu kwa fimbo yake: "Mume wangu, amka! Uyoga haungoji jua."

Kichuguu chetu kilikuwa ukingoni mwa mbuga, pale miombo inapokoma na nyasi ndefu zinaanza. Uyoga ulishapasua udongo, kofia nyingine pana kama sinia. Nikashika mmoja, nikavuta, ukakatika. Bibi akasonya. Yeye alichokoa taratibu kwa kijiti, na kila alipochokoa, shina likazidi kwenda chini, jembamba kama mkia wa panya, hadi mkono wake ukazama kiwikoni.

"Huu una wenyewe," akasema. "Mchwa ndio wanaoulima huko chini, wanaulisha nyasi na miti waliyotafuna. Sisi tunaokota unaotoka nje."

Mara akanibana bega. Hatua kama ishirini mbele yetu alisimama mnyama mwenye madoa, miguu mirefu, masikio makubwa hayalingani na kichwa. Wala hakuwa na habari na sisi. Macho kayafumba nusu, masikio yanageuka taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni redioni. Akaruka juu, akatua kwa miguu ya mbele, akainuka na panya mdomoni.

"Chui!" nikapiga kelele, kikapu kikamwagika. Nilichowahi kuona ni alama nyeupe nyuma ya masikio, zikapotelea majanini.

"Chui gani? Huyo mondo," bibi akasema, kakasirika kweli. "Yeye na uyoga ni ndugu. Wote riziki yao iko chini ya udongo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mmoja anaruka, mwingine hata kutembea hauwezi! Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wa baiolojia akatuambia kwamba kiukoo uyoga uko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Nikacheka tena, peke yangu, darasa zima likanigeukia.

Jioni ile bibi aliupika uyoga kwa karanga. Ule nilioukata aliuweka kwenye sahani yangu, kipande kifupi, bila mkia.