Fulu, dimu na mita hamsini za mbele yako

Madereva wakizungumzia taa kubwa huishia kwenye adabu: nani kammulika nani, nani kakataa kushusha. Adabu ina nafasi yake, ila hesabu ndiyo inaanza. Dimu, yaani taa iliyoshushwa, ya gari dogo lenye globu za kawaida inakuonyesha mita 40 hadi 60 za barabara. Fulu, yaani taa kubwa yenyewe, inafika mita 100 na kuendelea, hata 150 kama taa ni safi. Sasa weka breki kwenye mizani hiyo. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, lami kavu, breki nzima, unahitaji takriban mita 53 kusimama, pamoja na ule muda wa kushtuka na kuhamisha mguu. Ukiwa 110, unakaribia mita 95.

Anayekata 110 kwa dimu kati ya Chalinze na Morogoro anaendesha kwa kubahatisha. Semi imekufa njiani, haina taa hata moja, matawi yametandikwa lami nyuma yake: ataiona wakati breki haimsaidii tena. Na matawi hayarudishi mwanga kama pembetatu yenye kiakisi. Majani yakishanyauka, rangi yake na ya lami ni moja.

Kwa hiyo nje ya mji, penye giza, hali ya kawaida ni fulu. Dimu unaiweka kwa ajili ya macho ya mwenzako, akishapita unarudisha. Wapo wanaotoka Dar mpaka Dodoma kwa dimu tupu wakidhani huo ndio ustaarabu. Kama ndivyo unavyopenda, basi tembea 60. Mjini penye taa za barabarani fulu haina kazi.

Swali gumu ni lini ushushe. Majimbo mengi ya Marekani yanataja futi 500 katika sheria zao, yaani mita 150 hivi. Kwenye barabara iliyonyooka umbali huo ni mdogo. Magari mawili yanayokutana, kila moja 80, yanasogeleana mita 44 kila sekunde. Hizo mita 150 zinaisha kabla ya sekunde nne. Kwenye nyika ya Taru, njia ya Nairobi kwenda Mombasa, ambako taa unaziona zingali mbali kabisa, usishushe mapema mno ukajinyima barabara, wala usisubiri mpaka mwenzako aanze kukupigia. Shusha pale mwanga wako unapoanza kugusana na wake. Akishusha na yeye, ondoa mguu kwenye mafuta kidogo, kwa sababu kuanzia hapo unaona nusu ya ulichokuwa unaona.

Kona zina siri ambayo wengi hawafundishwi. Kwetu tunaoendesha kushoto, kona ya kushoto inafanya taa zako zifagie upande wa pili na kumpiga anayekuja usoni, hata kabla hujamwona vizuri. Hapo shusha mapema. Kona ya kulia inapeleka mwanga nje, kwenye majani ya upande wako, kwa hiyo una nafasi ya kubaki na fulu kidogo zaidi. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, wanakoendesha kulia, geuza kanuni hiyo. Mlimani angalia anga: ukiona weupe unapanda nyuma ya kilele, kuna mtu anakuja. Shusha kabla hujafika juu, maana mkikutana kileleni taa zenu zinaangaliana uso kwa uso.

Ukiwa nyuma ya gari, dimu. Fulu yako inaingia kwenye vioo vyake vyote vitatu. Ukitaka kuovateki, anza na dimu, toka, hakikisha mbele hakuna taa, na ukifika ubavuni mwake ndipo upige fulu uone unakoingia. Anayepitwa naye anafanya kinyume: anammulikia mwenzake njia, kisha anashusha mara tu wanapolingana. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, adabu hii inahitajika kila baada ya dakika chache.

Kumpigia mtu fulu mara moja hakuna maana moja. Huyu anasema "pita", yule anasema "nakuja, kaa hapo hapo". Usiingie barabarani kwa sababu umepigiwa taa. Indiketa ya kulia ya lori linalokuja ina maana iliyo wazi zaidi: dereva anakuonyesha mwili wake unaishia wapi.

Asiposhusha? Mkumbushe mara moja, basi. Ukimjibu kwa fulu mnakuwa vipofu wawili mnaopishana kwenye lami nyembamba. Hamishia macho kwenye mstari mweupe wa pembeni kushoto, punguza mwendo, ufuate mstari huo mpaka apite. Kiwi cha macho hakiondoki papo hapo. Sekunde tatu tu kwa mwendo wa 80 ni mita 66 ulizopita bila kuona, na macho ya mtu mzima yanachelewa kuliko ya kijana. Kioo cha ndani kina kiulimi chini yake: kivute, taa za nyuma zitafifia. Na taa moja inayokuja usiihesabu kuwa bodaboda. Chukulia ni gari chongo, na taa iliyokufa ni ile ya upande wako.

Kwenye ukungu wa Kimende kule Kenya, mvua kubwa au vumbi la lori, fulu inakuharibia. Matone na vumbi vinarudisha mwanga usoni kwako, unaona ukuta mweupe. Dimu inapiga chini yake. Kwenye kilomita 50 zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, tatizo ni lingine: swala akipigwa na fulu anaduwaa katikati ya njia. Punguza mwendo, shusha taa, mwache aone pa kwenda. Nyati ana ngozi nyeusi, na akikupa mgongo hata macho yake hayatang'aa.

Mara nyingi anayelaumiwa kwa fulu yuko kwenye dimu. Gari limejazwa magunia nyuma, pua imeinuka, dimu inamulika matawi. Magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Kadiri mzigo unavyoongezeka unapandisha namba, na taa zinashuka. Wengi hawajawahi kukigusa.

Kisha kuna LED za bei poa zinazochomekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya H4. Globu ya H4 ya volti 12 ina nyuzi mbili, wati 60 za fulu na 55 za dimu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiruke juu. LED isiyokaa mahali pale pale ulipokaa uzi inatapanya mwanga kila upande. Mwenye gari anafurahia weupe wa mita 15 za kwanza. Weupe huo huo unafinya mboni zake, na ya mbali hayaoni. Hata globu halali ikifungwa bila kukaa kwenye nafasi ya vimasikio vyake vitatu, dimu inaelekea mbinguni. Unapoifunga usishike kioo chake kwa vidole: mafuta ya mkono yanaiunguza mapema.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sahihi, kigurudumu kwenye 0, mtu mmoja kiti cha dereva. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 65, ubandike utepe ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu. Pale mwanga unapokatika juu, mstari wake ukae sentimita 10 chini ya utepe. Ukiwa juu ya utepe, tafuta skrubu ya kurekebishia nyuma ya taa, uizungushe taratibu kwa bisibisi ya nyota, taa moja baada ya nyingine, ile usiyoigusa ukiwa umeifunika kwa koti.