Tulivyokwenda Kayenze kwa miguu

Bibi alikuwa ameapa kutokanyaga tena chombo cha majini, na akishaapa hakuna wa kumrudisha. Ilikuwa baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kipande kidogo tu kufika Mwanza. Mmoja wa waliokufa alikuwa binti wa mdogo wake. Basi likizo ya Juni mwaka uliofuata, ilipokuja habari ya msiba upande wa Kayenze, watu wa nyumbani walishuka mwaloni kutafuta mtumbwi. Bibi akachukua kapu lake. Akanitazama mimi, wa darasa la tano, akasema, "Wewe miguu unayo. Twende."

Tuliondoka Igombe alfajiri, nyota bado ziko juu. Kapuni mlikuwa na matobolwa, karanga za kukaanga, chupa ya maji na katambuga zake zilizofungwa kwenye kipande cha kanga. Nikamuuliza mbona havai. Akasema viatu ni vya kuingilia kwa watu, njiani anatembea mwenyewe.

Nilidhani safari itanitoa roho. Kumbe njia yenyewe ilikuwa tambarare, mchanga mtupu karibu mwanzo hadi mwisho, hapa na pale mawe makubwa ya kuzunguka. Taabu ilikuwa kujua pa kukanyaga. Mimi kwa kiherehere changu nilipita juu, kwenye mchanga mkavu, kila hatua nazama mpaka kifundoni, dakika chache tu mapaja yanawaka. Bibi alikuwa chini kule, anakwenda taratibu kama mtu aliye sokoni, na bado ananiacha.

"Kanyaga pale wimbi lilipotoka sasa hivi," akaniambia bila kugeuka. "Hapo mchanga umejibana. Ukisubiri ukauke, unakumeza."

Nikashuka. Kweli, ulikuwa mgumu kama sakafu iliyosiribwa. Unyayo unaacha alama, alama inajaa maji, wimbi linafuta. Mpaka leo nikitembea ufukweni naufuata huo mstari, na watu wa mjini ninaowapeleka huko nawaacha wahangaike kidogo kwanza ndipo niwaambie.

Jua lilipochomoza tulikuta akina mama wanaanika dagaa. Mwezi ulikuwa gizani, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imekesha na karabai na kurudi imejaa. Dagaa wale wa asubuhi, kabla hawajakauka, wanang'aa mchangani utadhani mtu kamwaga sindano. Bibi akasalimia, "Mwangaluka," wakaitika, na mmoja akatuuliza kwa nini hatupandi boti wakati mitumbwi inaelekea hukohuko. Bibi akacheka, akasema gari letu halina mafuta. Hakueleza zaidi. Tulipita pembeni tusiwakanyagie, kunguru wakitufuata kwa nyuma.

Mbele kidogo ufuko ukaisha, matete yakaanza. Hapo kulikuwa na tuta la mchanga refu kunishinda mimi, lililosukumwa na mawimbi ya miaka, juu yake nyasi kavu. Nyuma ya tuta kuna kijito kinachotoka bondeni. Masika kinalipasua tuta na kumwaga maji ziwani. Kiangazi mawimbi yanaliziba tena, kijito kinabaki bwawa lililotulia, lenye yungiyungi. Maji yalikuwa ya magotini tu, na kuyakatiza kungetuokolea mzunguko mzima. Nikapandisha kaptula.

Bibi akanivuta ukosi. "Maji yanayolala usiyaingie. Ya ziwani yanapigwa na upepo, haya yana konokono." Nilikuwa nimeshaingia mguu mmoja. Sijui kama ni mguu huo au ni kuogelea kwangu kote kwa utoto ule, ila miaka miwili baadaye nilikojoa damu na kumezeshwa vidonge vya kichocho, na Bibi alipopata habari alisema jina la kile kijito tu, akanyamaza.

Tukaamua kuzunguka kwa juu ya tuta. Hatujafika mbali, Bibi akasimama ghafla. Mbele yetu kulikuwa na njia iliyokatiza matete, imelimwa chini kama barabara ya trekta: mifereji miwili sambamba, katikati pamebaki kigongo cha nyasi. Nikasema, "Bibi, hapa magari yanapita?" Akachuchumaa. Kwenye mfereji wa kushoto palikuwa na unyayo mpana kama sahani, vidole vinne, na maji bado yanajichuja ndani yake polepole.

"Vidole vinatazama wapi?"

"Nchi kavu."

"Na vya kurudi viko wapi?"

Nikatafuta. Havikuwapo.

Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi jua likianza kuwaka. Ukimkuta ndani ya maji ana mambo yake, lakini ukisimama kati yake na maji, umemzibia mlango wa nyumba yake. Bibi hakunieleza hayo siku ile, alinishika tu mkono tukarudi nyuma hatua nyingi, tukapanda tuta pale lilipo juu zaidi na kukaa. Akatoa matobolwa. Tukatafuna. Viazi vikishachemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani vinakuwa vigumu, unavilainisha kwa mate kwanza, na nakumbuka nilihofia sauti ya meno yangu.

Tulikaa muda mrefu. Ndipo nilipogundua kitu nilichokuwa nakiona tangu alfajiri bila kukitambua: Bibi alikuwa amekaa mgongo ziwani. Njia nzima alitembea maji yakimgusa miguu na uso ameuelekeza nchi kavu, na maneno yake yote yalikuwa ya huko. Hata pale juu ya tuta alianza kunionyesha udongo. Kule mlimani penye mawe, luguru. Unaoshuka kutoka kwenye mawe, mchanga wa mihogo na karanga, isanga. Chini yake tuliokalia, luseni. Kisha itogolo, na chini kabisa bondeni, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kushika tope masika, mbuga. Mbuga kwa Bibi haikuwa ya wanyama, ilikuwa ya mpunga.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Mwingereza mmoja, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Tanga, aliandika katika miaka ya 1930 juu ya udongo unaopangana hivyo kutoka kilimani hadi bondeni, akauita katena. Nilifurahi, nikakereka pia kidogo. Bibi alikuwa na jina la kila ngazi.

Mimi nami nikaona nimwonyeshe elimu yangu. Nikamwambia mwalimu ametufundisha kwamba Speke aliliona ziwa hili upande wetu wa Mwanza, Agosti 1858, akalipa jina la malkia wao. Bibi akauliza, "Alikuja na nini?"

"Kwa miguu, kutoka Tabora."

Akafikiri. "Basi alizikanyaga zote," akasema, "kuanzia luguru mpaka mbuga. Na akaangalia maji tu."

Matete yakavunjika. Sauti yake siyo ya mnyama, ni kama mtu anaburuta mlango. Kiboko alitokea bondeni, kichwa chini, hana haraka, mgongo umekauka na kugeuka wa kijivu chenye wekundu. Alipita kwenye mifereji yake, kila mguu mahali pake, mpaka kwenye maji, akaingia bila kurusha hata tone. Bibi aligeuka kumfuata kwa macho. Akaendelea kutazama hata baada ya kiboko kuzama, pale viduara vilipokuwa vinapanuka, mpaka vikaisha. Siku nzima ile ni hapo tu nilipomwona akiangalia ziwa.

Akapangusa makalio mchanga. "Haya, ng'wana wane. Kapita."

Bonde tulilikata juu zaidi, kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, yamebaki mabua, na ardhi imepasuka mipasuko ya kuingiza mkono. Tulitembea juu ya kingo zake moja baada ya nyingine kama watu wanaopita ukutani, tukatokea upande wa pili, tukarudi mchangani. Msibani tuliingia mchana, Bibi amevaa katambuga. Waliopanda mtumbwi walikuwa wameshakula.

Mvua za El Nino zilikuja mwishoni mwa mwaka huohuo, na hadi katikati ya 1998 ziwa lilikuwa limepanda kuliko nilivyowahi kuliona. Bibi alitaka kwenda kusalimia waliofiwa. Akanituma kwanza nikaangalie njia. Nilifika hadi karibu na kijito: ufuko wa dagaa haupo, matete yamesimama kwenye maji mengi, na pale tulipokaa kula matobolwa mawimbi yalikuwa yanalitafuna tuta. Nikarudi nikamkuta uani anapepeta karanga.

"Luseni imebaki?"

"Kidogo tu, Bibi."

Akapepeta mara mbili tatu, akapuliza maganda.

"Basi tutapita isanga."