Mlikuwa wangapi?

Tangu Jumapili neno moja la shemeji limenikaa kooni, halishuki halitoki. Na wiki yenyewe haikuwa ya mchezo, dada mdogo kajifungua salama kule Mbale, ofisini bosi mpya kaingia na kashabadilisha zamu zote, lakini mimi nikifua namsikia shemeji, nikijaza makaratasi ya trela pale Malaba namsikia shemeji.

Ilikuwa mezani kwa mama. Mama ndiye aliyetangaza, hata sahani hazijajaa, "Binti yangu kawa namba mbili, mbio za kilomita 21!" Shemeji akafurahi kwa kweli, akanipa mkono, hongera sana shemeji, mlikuwa wangapi? Nikamwambia wanawake tulikuwa watatu. Akasema, "Aaa." Halafu akasema, "Kiprotich alishinda London dunia nzima ikiwepo," yaani yule Mganda wetu wa marathoni ya Olimpiki. Halafu akaomba chumvi.

Basi. Hakucheka wala hakunidharau, mnamjua shemeji ni mtu mwema, na ndiyo maana limeniuma, angekuwa mtu wa maneno ningemjibu palepale. Ile "aaa" ilishuka mwishoni, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta maji matupu.

Lakini jamani, mbio za watatu mnazijua? Walioandikisha majina walikuwa wengi, wengine wakahamia kilomita 10 asubuhi ileile, wengine Jumamosi ni siku ya soko hawakutokea. Yule msichana wa Kapchorwa akaondoka mapema, nikauona mgongo wake mpaka kona ya kanisa, nikaupoteza. Afande wa polisi, yule mwanamke wa tatu wetu, alikuwa nyuma yangu mbali. Wanaume wameshatangulia. Mimi na vumbi, na Mwamba wa Tororo pale upande wa kulia kama haukaribii. Kwenye kundi kubwa unajificha upepo nyuma ya watu, unachagua mgongo mmoja unaufuata, mwendo unapewa. Peke yako kila hatua unaiamua mwenyewe. Namba yangu waliiandika kwa maka kwenye karatasi ya manila, jasho likaichuruza mpaka ile 7 ikawa mstari tu wa buluu kifuani, na jua limeshawaka, na ningetembea hakuna mtu angejua. Sikutembea. Hata kile kilima cha mwisho chenye mawe sikutembea.

Na kuhusu Kiprotich, nimemfikiria sana wiki hii. Ile dhahabu ya 2012 nilikuwa kwenye kibanda cha video, watu wamesimama juu ya mabenchi, maana Uganda haikuwa imeona dhahabu ya Olimpiki tangu ile ya Akii-Bua ya mbio za viunzi 1972. Ni kweli dunia nzima ilikuwepo. Lakini kule mbele, shemeji, kule mbele walikuwa watatu, yeye na Wakenya wawili, Kirui na Kipsang, mpaka alipowatoka kwenye kilomita ya 37 hivi. Kumbe hata London mwishoni wanabaki watatu. Hili ndilo nililotaka kumwambia mezani, likanijia Jumanne nikiwa kwenye boda.

Afande alinipigia jana jioni. Sikujua namba yake, nikadhani ni dereva anaulizia karatasi zake. "Dada, shindano lingine lini?" Hata salamu hakuna! Tukaongea mpaka airtime yake ikaisha nikampigia mimi, kumbe siku ile alipomaliza mbio, mzee wa kushika saa alikuwa anaanza kufunga daftari, ikabidi amwambie mzee fungua, mimi bado sijaandikwa, akaandikwa. Anasema kuna mwenzake wa kituoni anamleta, na mimi nikamtaja yule dada wa stoo pale ofisini anayeruka kamba asubuhi. Pamoja na yule wa Kapchorwa tutakuwa watano. Nililala nikiwa na furaha, nawaambieni ukweli.

Ila usiku huohuo mama akatuma ujumbe, baba kapewa tarehe ya kupasuliwa lile jicho la mtoto wa jicho na kagoma, anasema la pili linamtosha. Juzi kamwagia chai pembeni ya kikombe. Mimi zamu mpya zinanibana mpaka mwisho wa mwezi, dada ana kichanga, na mama peke yake hamwezi. Sijui kama nimwombe shemeji aende akaongee naye, maana baba yeye humsikiliza.