Masalkheri ya saa tisa alasiri

Desemba hapa Stockholm jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Mwaka wangu wa kwanza nilimpigia mama simu saa hizo. Baada ya shikamoo nikamtakia masalkheri, maana kiza kilikuwa kinaingia. Akacheka. "Masalkheri gani, mbona huku jua bado linawaka?" Saa za huku ziko nyuma ya za nyumbani kwa saa mbili, lakini giza letu linatangulia.

Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hana haja ya kuelezwa jioni. Mwaka mzima jua linachwa kwenye saa kumi na mbili, likipunguza au kuzidisha dakika chache, na inayofuata tunaiita saa moja kwa kuwa ni saa ya kwanza ya usiku. Tunasema usiku kucha, yaani mpaka kuche. Mchana kutwa, yaani mpaka jua litwe. Huku mchana kutwa wa Desemba ni saa sita tu. Wa Juni ni saa kumi na nane na ushee, na hiyo saa moja usiku naipitia nimevaa miwani ya jua.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya jioni, saa nane mchana hadi saa tatu na nusu. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinaingia ndani ya saa tatu hivi. Mbili za kwanza naziwahi nyumbani, magharibi naiswali kwenye stoo ya mashuka. Neno hilo moja linabeba upande jua linakozama, wakati wenyewe na sala yake, na mimi nalisalia kwenye chumba kisicho na dirisha, simu ndiyo inayoniambia jua limezama. Juni kuna kazi nyingine: isha inangoja wekundu wa machweo upotee angani, na wekundu wa huku hukaa usiku kucha. Wapo wanaofuata makadirio ya wanazuoni, wapo wanaoiunganisha na magharibi. Mimi naunganisha, nalala. Sina ubishi na mtu.

Mwenzangu kazini ni Msabato. Sabato yake inaingia Ijumaa jua likizama, kwa hiyo Desemba zamu yote ya Ijumaa jioni imemezwa, tunabadilishana. Juni anafanya zamu nzima na kufika kwake Sabato haijaingia, maana jua linazama baada ya saa nne usiku. Mara ya kwanza tulipobadilishana aliniomba nimshikie "usiku wa Ijumaa". Nilikolelewa mimi, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Basi Alhamisi nikatokea, tukawa wengi kuliko kazi. Ijumaa nikakaa nyumbani nimenyoosha miguu hadi simu ya kiongozi wa zamu ilipoanza kulia. Nilimtania sana mwenzangu baadaye. Mtu ambaye Biblia yake inaanza na "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja", mtu anayeianza Sabato kwa machweo kama Wayahudi, halafu siku anaihesabu kwa ratiba ya ukutani! Akasema ratiba ndiyo inayolipa mshahara.

Lakini lile la siku kuanzia jioni limenikaa kichwani tangu hapo. Mwezi wa Ramadhani tunaupokea kwa mwandamo, jua likishazama, na usiku wake ndio unaotangulia. Wakatoliki nao Jumapili yao inafunguliwa kwa Masifu ya Jioni ya Jumamosi. Zamani niliona ni hesabu za vitabuni tu. Sasa nikitoka kazini usiku wa Desemba, giza likiwa na saa sita tayari, najiambia kesho imeshaanza zamani, na kwa namna fulani kutembea kunakuwa kwepesi.

Wazee wetu hawana faraja hiyo. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa wa kusahau, jua likielekea kuzama wanaanza kuhangaika: wanatembea koridoni, wanajaribu vitasa, wanaita watu waliokufa. Tumefundishwa kuwasha taa mapema, kabla vivuli havijarefuka, na kufunga mapazia. Yupo bibi mmoja ambaye hilo halimsaidii. Kila alasiri ya Desemba namkuta kitandani amevaa koti, vifungo amevikosea kimoja kimoja, mkoba mapajani. Anataka kwenda kwao kabla ya giza, mama yake atamgombeza.

Mwanzoni nilimjibu kweli tupu: bado saa tisa, bibi. Alitazama dirishani, akanitazama mimi, kama mtu anayemwona mwongo mchana kweupe, ila huo mchana wenyewe haukuwepo. Siku hizi sibishani naye. Nakaa kando yake, navifungua vifungo na kuvifunga upya kwa mpangilio, kuanzia chini. Tukifika cha shingoni huwa ameshasahau safari, ananiuliza kama kwetu nako kumeshakuwa giza. Namwambia bado, bibi. Kwetu bado.