Siku 21, siku 30: kalenda zinazopishana

Kuna hesabu ndogo inayonikosesha usingizi kila ninapofikiria utafiti wa mazingira, sera na haki ya kupata habari nchini Kenya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Habari ikiwa nyingi, au ikibidi ofisi ishauriane na wengine, inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Jumla siku 35. Upande wa pili, NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, inapotangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba imepokea ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kawaida wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni.

Kwa hiyo hata ukiandika barua asubuhi ile ile tangazo linapotoka, ofisi inaweza kutii sheria neno kwa neno na habari ikufikie muda wa maoni umeshakwisha. Na hapo ofisi haijavunja sheria yoyote. Ndiyo maana naamini suala hili haliwezi kuachiwa taaluma moja. Mwanasheria anaisoma sheria ya kwanza na kuisifu, kwa haki kabisa. Mwanamazingira anaisoma ripoti ya tathmini na kuhoji vipimo. Anayesomea utawala ndiye mwenye kazi ya kuuliza ni afisa gani anayezitazama kalenda zote mbili kwa pamoja, na hadi sasa sioni cheo cha namna hiyo kwenye muundo wa ofisi yoyote.

Tangazo lenyewe linastahili kusomwa polepole. Baada ya jina la mradi na jedwali la athari na hatua za kuzipunguza, mwishoni huwa kuna orodha ya mahali ripoti kamili inapoweza kukaguliwa saa za kazi: wizara ya mazingira, makao makuu ya NEMA barabara ya Popo jijini Nairobi, na ofisi ya mkurugenzi wa mazingira wa kaunti. Mkazi wa Hindi au Faza, kaunti ya Lamu, hana budi kutegemea nakala ile ya kaunti. Ikiwa kuna moja tu, na mtu mwingine anaisoma, au viambatisho havikuletwa, siku zinaendelea kuhesabika. Uwazi wa kisheria upo, lakini umewekwa ndani ya kabati moja, kwa lugha ya Kiingereza.

Kesi ya Lamu imeonyesha gharama ya jambo hili. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilitolewa mwaka 2016 kwa kampuni ya Amu Power, eneo la Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua migogoro ya mazingira liliifuta. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ya mwanzo ilifanyika, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Ripoti yenye matokeo ya utafiti ilipokuwa tayari, wenyeji hawakurudiwa ipasavyo kuambiwa kilichopatikana na kuulizwa wanasemaje. Jopo liligusia pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Wengi huichukua hukumu hii kama ushindi dhidi ya makaa ya mawe. Mimi naisoma zaidi kama hukumu kuhusu mpangilio wa wakati: mkutano uliofanyika kabla ya habari kuwepo hauhesabiki kuwa wa kushirikisha watu.

Kanuni za tathmini za 2003 zinaeleza wazi kinachotakiwa wakati utafiti wenyewe unapofanywa. Mabango yabandikwe mahali pa wazi karibu na mradi. Tangazo litoke wiki mbili mfululizo katika gazeti linalosambazwa nchi nzima, na redioni angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Mikutano isipungue mitatu, na taarifa ya mkutano itangulie kwa wiki moja au zaidi. Mtafiti anayetaka kupima ushirikishwaji asiishie kuhesabu mikutano. Achukue tarehe ya kila mkutano aiweke kando ya tarehe iliyo kwenye jalada la ripoti. Tofauti ya tarehe hizo mbili inaeleza mengi kuliko orodha ya sahihi za waliohudhuria.

Sasa barua. Hapa ndipo maombi mengi huharibika. Ombi la "habari zote kuhusu mradi" linaipa ofisi sababu halali ya kujiongezea zile siku 14, kwa kuwa kweli ni habari nyingi. Ombi zuri hutaja kitu kimoja kwa jina lake. Chukua mfano wa hewa ya pwani. Upepo wetu hugeuka: kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, kusi Aprili hadi Oktoba. Vipimo vya hewa vilivyochukuliwa wiki chache za kaskazi haviwezi kueleza moshi utaelekea kijiji gani wakati wa kusi. Basi omba hivi: vipimo ghafi vya PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za hewani, tarehe na saa ya kila kipimo, mahali kifaa kilipowekwa, aina ya kifaa, na data ya upepo iliyoingizwa katika modeli ya kukadiria moshi utaelekea wapi. Ukipata wastani wa mwaka, ulinganishe na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, yaani mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Ukiambiwa vipimo ghafi havipo, hilo nalo ni jibu la kuandikwa katika maoni yako.

Barua iandikwe kwa afisa wa upatikanaji wa habari; kisheria, mtendaji mkuu wa taasisi ndiye mwenye jukumu hilo, kwa hiyo kisingizio cha "afisa huyo hatuna" hakisimami. Kiswahili kinakubalika, sheria imekitaja. Huhitaji kueleza unaitakia nini habari. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo na afisa akamwandikia. Kinachosahaulika sana ni mhuri wa kupokelewa: siku 21 huanza barua inapopokelewa, na bila mhuri kwenye nakala yako, au barua pepe ya kuthibitisha, huna tarehe ya kuanzia. Zikipita siku 21 kimya, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa, na una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Wakati huo huo, leseni ikitolewa, rufaa kwa jopo la mazingira ina siku 60. Kungoja Ombudsman hakusimamishi siku hizo. Wapo wanaozifuata hatua hizi moja baada ya nyingine, kwa uaminifu kabisa, na rufaa ikawapita.

Kuna kifungu kimoja kinachotumiwa kidogo mno: habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Maji ya kisima yanayoshukiwa kuwa na sumu yanaingia hapo, kwa maoni yangu, lakini ofisi haitalazimika kukisia. Aya ya kwanza ya barua iseme hivyo waziwazi na itaje watu wangapi wanakunywa maji hayo.

Kwa wanaofanya utafiti huu chuoni, tahadhari yangu kubwa ni safu ya "amejibiwa" katika jedwali. Jibu la "tumepokea barua yako" na jibu lenye kurasa za vipimo yote yanaingia humo, na asilimia inayopatikana inapendeza bila kueleza lolote. Tenganisha: limejibiwa, limejibiwa kwa wakati, limejibu kilichoulizwa, linaweza kutumika. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana, maana PDF iliyopigwa picha kwa kuinama, yenye ramani isiyo na skeli, haitumiki. Halafu andika ombi lile lile kwa jozi: moja likiwa na kichwa cha barua cha chuo, jingine la mkazi wa kawaida, kwa ofisi moja, yakipishana kwa wiki kadhaa ili yasionekane pacha. Bila jozi hizo utakuwa umepima heshima ya chuo chako ukadhani umepima uwazi wa serikali. Maswali yawe machache na ya kweli, kwani kila ombi linamchukulia saa afisa wa kaunti ambaye pengine yuko peke yake ofisini. Na chagua kaunti za mbali pia. Sampuli ya Nairobi peke yake haimhusu mtu wa Lamu.

Leseni ikishatoka, watu huacha kuuliza, na hapo ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi la utafiti. Mradi unatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira, na ripoti zake hufika NEMA. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, madhara ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu yalikuja kuamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020, kwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Ripoti ya ukaguzi haina dirisha la siku 30 la kukimbizana nalo. Inaweza kuombwa siku yoyote, mwaka baada ya mwaka, kwa barua ya aya mbili: nambari ya leseni, mwaka wa ukaguzi, na ombi la jedwali la vipimo pamoja na masharti ya leseni yanayohusika.