Kura ya namba mbili

Kila msimu wa tuzo nasikia swali lile lile: filamu gani inapendwa zaidi? Kwa Oscar ya Filamu Bora, mimi naona tungeuliza ipi ina maadui wachache.

Vipengele vingine havina maneno, mwenye kura nyingi anabeba. Filamu Bora inahesabiwa kivyake tangu tuzo zilizotolewa 2010. Mpiga kura anazipanga filamu zote kumi, 1 hadi 10. Ikiwa hakuna iliyovuka nusu ya kura za namba moja, ya mkiani inaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa filamu inayofuata kwenye kila karatasi. Wanarudia hivyo mpaka moja ivuke nusu.

Chukua karatasi 100, filamu zimebaki tatu: A ina 40, B 33, C 27. C inatoka. Kati ya zile 27, kama 20 zimeitanguliza B na 7 A, basi B imeshinda kwa 53 dhidi ya 47. A ilikuwa na mashabiki wengi kuliko zote, ila waliobaki waliitupa huko chini.

Ndiyo maana anayeandika filamu moja tu, akidhani anaipa nguvu, anajipunja. Ikitolewa, karatasi yake imekufa.

Ugumu kwa wapiga kampeni ni kwamba raundi ya uteuzi haiko hivyo. Kule filamu inahitaji watu wa kuiweka namba moja kabisa. Ikipendwa na wote kiasi tu, inaachwa nje. Kwa hiyo Januari unatafuta mashabiki sugu, na baada ya uteuzi unajitahidi wasiwaudhi wengine. Makelele yale yale yaliyokuingiza yanaweza kukuangusha.

Wabashiri huwaangalia sana watayarishaji wa PGA, chama cha watayarishaji wa filamu Marekani, kwa kuwa nao huhesabu kwa mtindo huu. Hata hivyo 2020 PGA waliichagua filamu iitwayo 1917, na Februari Oscar ikaenda kwa Parasite, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba Filamu Bora. Kwa kura ngapi? Akademi, taasisi inayotoa Oscar, haitangazi idadi.

Kuanzia tuzo za 2026, mwanachama hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele bila kutazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Naona sheria hiyo itazifaa zaidi filamu zisizopigiwa makelele, zile ambazo watu walikuwa wakiziweka namba tisa bila hata kuzifungua.